Mrejesho: Albamu za Peter Gabriel zilizo zake kweli

Bayaya, aksanti kwa majibu. Niliuliza ni albamu zipi zinamwonyesha mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel mwenyewe tangu aondoke bendi ya Genesis mwaka 1975, na wengi mlinitajia So ya 1986.

Tumezisikiliza na yaya yangu hapa Kamalondo, kwa kufuata miaka. Ile ya 1977 ni nzuri, lakini ina mapambo mengi ya studio. Nasikia mkono wa mtayarishaji, Bob Ezrin, kuliko wa mwimbaji. Ya 1980 ndiyo yenyewe! Aliwakataza wapiga dramu, Phil Collins akiwemo, kugusa matoazi. Dramu zinabaki nzito, kavu, na sauti yake haina pa kujificha. Inafungwa na wimbo kuhusu Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi aliyekufa mwaka 1977 akiwa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini. Yaya aliomba turudie. Mtu anayewaza soko tu hafungi albamu namna ile.

Ya pili kwangu ni Us ya 1992, yenye kidonda cha ndoa iliyovunjika. So naipenda sana, ila naiweka ya tatu. Sasa tumeanza i/o ya 2023, ambayo nyimbo zake alizitoa mmoja mmoja kila mwezi ulipokuwa mpevu.