Hawa Elite wa Halo wananinyoosha, wenzangu mnawapigaje?

kijana_wa_ilazo:

Habari za mchana wakuu. Nipo Dodoma hapa jua linawaka, feni inazungusha joto tu, na kuna sehemu kwenye gemu nimenasa hadi nimeona nije kuuliza humu. Nacheza Halo, gemu ya kupigana na viumbe wa angani, ile ya kwanza kabisa, Combat Evolved, iliyotoka 2001, ila mimi naichezea kwenye laptopu kupitia Master Chief Collection, ule mkusanyiko wa gemu za Halo. Levo nimeweka Heroic, ngumu kuliko Normal, maana kuna jamaa hapa hosteli alinicheka sana aliponikuta nacheza Normal.

Sasa Grunt, vile vifupi vyenye mtungi mgongoni, sina shida navyo. Jackal na ngao zao za mkononi nao nimeshawasoma. Shida yangu ni Elite aisee, wale maadui warefu wenye ngao inayofunika mwili mzima. Yaani mtu namwagia magazini nzima ya assault rifle, risasi 60 zote, naona kabisa ngao yake inawaka waka nasema leo umekwisha, risasi zinaisha naanza kujaza, yeye huyo kashajibanza nyuma ya nguzo, akitoka ngao imejaa upya kama hajaguswa na kitu. Nikirusha guruneti anaruka pembeni. Nikijificha ananifuata hukohuko. Hivi hawa waliwekewa akili gani?

Misheni yenyewe ni Truth and Reconciliation, ile ya kupanda kwenye meli ya angani ya hao maadui kwenda kumtoa Kapteni Keyes, mkuu wetu waliyemteka. Nje nilipita vizuri tu kwa sababu unapewa snaipa na ni usiku wamelala, lakini humo ndani kwenye korido ni balaa, halafu kwenye chumba cha kuongozea meli kuna mmoja wa rangi ya dhahabu ana upanga, akiniona tu anakuja mbio, pigo moja nipo chini.

Naomba mbinu wakuu, au nishushe tu levo yaishe?

---

mzee_wa_padi:

Usishushe levo mkuu, tulia kwanza.

Shida yako naiona hapo kwenye assault rifle. Unapigana na ngao kwa risasi, na kwenye hii gemu risasi inaikwangua ngao polepole sana. Kinachokula ngao ni plazma, yaani zile silaha za maadui zinazotema moto wa rangi badala ya risasi. Ngao ikishatoka ndiyo risasi inafanya kazi yake kwenye nyama. Ukishaelewa hilo tu gemu inabadilika kabisa, maana kumbe kila Elite ni kazi mbili, na kila kazi ina chombo chake.

Fanya hivi. Chukua bastola ya plazma, ile ndogo ambayo Grunt wakifa wanaidondosha kila kona. Usiipige tap tap tap. Shikilia kitufe mpaka mdomoni kwake pajae mpira wa kijani unatetemeka, ukiachia ule mpira unamfuata adui wenyewe. Ukimpata Elite wa bluu ngao inapasuka yote kwa mara moja. HAPO HAPO unabadilisha silaha unampiga kichwani. Mkono wa pili unaweza kuwa na Magnum, ile bastola ya risasi, au hiyo hiyo snaipa uliyoanza nayo kama risasi bado zipo, kichwa kimoja tu kikikaa vizuri anaenda chini. Kazi nzima ni kama sekunde mbili, hapati hata nafasi ya kwenda kujibanza.

Angalia tu ile asilimia ya chaji kwenye bastola, kila mpira mmoja unakula chaji nyingi na silaha za plazma hazijazwi, ikiisha unaitupa unaokota nyingine. Humo kwenye meli zimejaa sakafuni kwa hiyo usiionee huruma.

Na rangi zisome mkuu. Wa bluu ndiyo wa chini, mwekundu ngao yake ngumu zaidi na anapiga kwa ukali zaidi, wa dhahabu ndiyo bosi wao. Ukiingia chumba kina bluu wawili na mwekundu mmoja, mpira wako wa kwanza unajua ni wa nani.

---

MtotoWaMajengo:

Hahahaha shusha Easy mkuu au nenda kibandani kacheze mpira na wenzako, hizi gemu za mizinga na majini ya angani zina wenyewe

---

zabibu_za_hombolo:

Wewe MtotoWaMajengo acha kuzingua watu wanajifunza hapa.

Mleta uzi, alichosema mzee_wa_padi kuhusu plazma ni kweli tupu, ila mimi kwenye kuanza na nani sikubaliani na wanaosema umpige Elite kwanza. Najua hoja yao, Elite akifa Grunt wanachanganyikiwa, wananyoosha mikono juu wanakimbia wanapiga kelele, na ni kweli inatokea. Lakini ukiwa Heroic kwenda juu, wakati unashikilia huo mpira wa kijani wale Grunt wanne pembeni wanakumwagia plazma na mmoja wao ana Needler, ile bunduki ya sindano, ngao yako inaisha kabla hujaachia. Mimi na kaka yangu tunacheza wote wawili kwenye Xbox 360 yetu ya zamani, ile Anniversary ya 2011, toleo jipya la hii hii gemu, kioo kimegawanywa, na tuligawana kazi: yeye anasafisha vifupi, mimi namshughulikia mrefu. Ukiwa peke yako punguza kwanza wale wanaokupiga ubavuni, halafu mgeukie bwana mkubwa.

Uzuri wa kucheza wawili kwenye hii ya kwanza ni kwamba mmoja akifa mwingine akibaki hai na akawa sehemu salama, yule aliyekufa anarudi mchezoni, hamrudishwi nyuma mpaka mfe wote. Kwa hiyo Elite akimdondosha kaka mimi sijifanyi shujaa, narudi nyuma kwenye korido nangoja arudi, ndiyo tunaingia tena.

Kwenye laptopu sidhani kama utapata kugawanya kioo, huko wawili ni kwa intaneti, na bando la hapa mjini kila mtu analijua.

---

mzee_wa_padi:

@zabibu_za_hombolo dada yangu hapo umeongea ya watu wawili. Huyu yuko mwenyewe. Mtu mmoja akianza kuhangaika na Grunt, Elite anapata muda wote wa kumlenga na kumsogelea, na plazma rifle ya Elite ndiyo inayoua watu siyo vibastola vya Grunt. Mimi nasema piga kichwa cha nyoka.

---

zabibu_za_hombolo:

Kaka hebu kaijaribu hiyo ya kichwa cha nyoka kwenye ule ukumbi mkubwa wa kuegesha ndege humo humo kwenye meli, milango inafunguka wanamwagika kundi kwa kundi, halafu uje utupe mrejesho 😂

---

fundi_laptop_area_c:

Nyote mko sawa inategemea na umbali, wakiwa mbali anza na Elite maana vifupi vikiwa mbali havina madhara, plazma inasafiri polepole unaiona inakuja unahama hatua moja pembeni imepita. Wakiwa karibu anza na vifupi. Tusonge mbele.

Mimi niongezee kuhusu huyo wa dhahabu mwenye upanga kwa sababu ndiye hasa aliyemleta huyu kijana hapa na naona hajajibiwa.

Yule ni tofauti na wengine. Elite wa kawaida anacheza na wewe, anapiga, anajificha, anasubiri ngao ijae, anatoka. Wa upanga hana muda huo. Akikuona anakuja moja kwa moja na hapo ndiyo pa kumkamatia, maana mtu anayekukimbilia kwenye mstari ni rahisi kumlenga kuliko anayeruka ruka. Kwa hiyo kwanza usiingie katikati ya kile chumba. Simama mlangoni au nyuma kidogo kwenye korido, mpira wa kijani uwe umeshajaa mkononi, mwonyeshe sura, akianza kuja mwachie nao. Wa dhahabu usimwamini kwa mpira mmoja, ngao yake ni nzito, rudi kinyumenyume huku unaongeza. Ukipenda tumia guruneti za plazma, zile za bluu zinazonata. Kumrushia akiwa amesimama mbali anaruka, lakini akiwa katika mbio kuelekea kwako anakuja nayo mwenyewe. Ikishamnata hana pa kwenda.

ILA ikishamnata USISIMAME. Akishabandikwa anapiga ukelele na anaweza kuendelea kukufuata ili mlipuke wote. Geuka ukimbie, mtie kona, mlango ujifunge katikati yenu. Ile milango ya meli inafunguka yenyewe mtu akiikaribia na kujifunga akiondoka, itumie sana, ni ukuta wa bure.

Na kingine watu wanakisahau, kwenye hii Halo ya kwanza ngao yako inajaa yenyewe lakini damu haijai. Ile mistari ya afya ikishuka imeshuka, mpaka uokote boksi la dawa. Sasa mtu anapigana na Elite wa korido hovyo hovyo, anafika kwa wa dhahabu damu imebaki mstari mmoja mwekundu, gemu inaseivu hapo hapo, anaanza kulia. Ukiona boksi la dawa na damu bado iko nusu kumbuka lilipo, usilikimbilie tu kwa sababu umeliona, pigana kwanza halafu urudi kulichukua.

---

kijana_wa_ilazo:

Wakuu mmemwaga nondo hatari. Hiyo ya kujaza mpira kabla sijaingia mlangoni nimeenda kuijaribu sasa hivi, korido ya kwanza nimepita, Elite mwekundu ngao imepasuka "pwaa" nikampa ya kichwa na snaipa, nimepiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta.

Maswali mawili. Moja, Needler ina kazi gani mbona sindano zinamfuata halafu hafi? Mbili, huyo wa dhahabu nikimuua ule upanga nauchukua?

---

mzee_wa_padi:

Needler: sindano moja moja hazina maana, zinatakiwa zijazane mwilini kwa wakati mmoja, zikitosha zinalipuka zote kwa pamoja na huo mlipuko ndiyo unaua, hata ngao haimsaidii. Kwa hiyo unaitumia kwa umbali wa kati, unamwaga mfululizo bila kuachia. Mbali sana sindano zinaenda polepole na Elite anazikwepa, na karibu sana mlipuko unakurudia mwenyewe. Binafsi siipendi humo kwenye korido, ila kwenye uwanja ni tamu.

---

fundi_laptop_area_c:

Upanga huchukui mkuu, kwenye Combat Evolved ni wa kwao tu, mwenyewe akifa unapotea naye. Mchezaji aliruhusiwa kuushika kuanzia Halo 2 ya 2004, na humo mbona utafurahi, maana kuna misheni unacheza ukiwa ni Elite mwenyewe. Halo 3 ndiyo kabisa wanapigana upande wako.

---

MtotoWaMajengo:

Sasa ndugu mbona umemmalizia stori yote mwenzio hata meli ya kwanza hajatoka 😭😭

---

fundi_laptop_area_c:

Gemu ya 2004 hiyo bro, wengine humu walikuwa wanatambaa. Siyo spoila tena hiyo ni historia.

---

chimwaga_boy:

Nimesoma uzi wote kimya kimya ila hamjataja kitu rahisi kuliko vyote: MGONGO. Elite ambaye hajakuona, awe bluu awe nani, ukimpiga na kitako cha bunduki mgongoni anakufa pigo moja, ngao ikiwa imejaa. Hutumii risasi wala chaji. Pale mwanzo wa hiyo hiyo misheni Grunt wamelala na Elite anazunguka doria, chuchumaa, nenda polepole, ukichuchumaa hata rada yako utaona wanavyopita hawajui. Humo ndani kuna vyumba wanasimama wamekupa mgongo kabisa, watu wanakimbilia kupiga risasi wanaamsha jumba zima.

Halafu kuna wengine utawakuta huko mbele hawaonekani, unaona tu hewa inacheza cheza na kibunduki kinaelea. Usiogope. Wale hawana ngao kabisa, wameuza ngao wakanunua kujificha, kwao hata ile assault rifle yako inatosha, mwaga tu pale hewa inapotetemeka.

---

zabibu_za_hombolo:

Chimwaga_boy hapo sawa ila mgongo mpaka umfikie, na wa dhahabu hageuki kirahisi. Nimeshaona watu wananyata wanamfikia hatua mbili jamaa anageuka 😂

Kijana ukimaliza chumba cha dhahabu usikimbilie mbele na hiyo chaji ndogo, okota bastola nyingine ya plazma na guruneti zote zilizodondoka, zinakaa nne za kila aina. Ukishamtoa Keyes utatembea na yeye na wanajeshi aliofungwa nao, na kwenye kutoka bado kuna Elite wanawasubiri. Keyes akifa mnarudishwa nyuma, kwa hiyo tangulia wewe mlangoni yeye abaki nyuma.

---

kijana_wa_ilazo:

Keyes naye anakufa?? 😩

Umeme umekata hapa, laptopu ina asilimia 30. Nimefika kwa wa dhahabu, damu nimebaki mistari mitatu. Naenda.