Naomba ushauri: nimpendekezee nini msomaji anayetaka kitabu cha kutisha au filamu ya zimwi?

Mkutubi wa Kaunti ameandika:

Wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika maktaba ya umma hapa Kenya, kwenye dawati la kuazimia vitabu, na siku hizi wameongezeka vijana kwa watu wazima wanaoniomba "kitu cha kutisha". Fani hii mimi siijui vyema, kwa kuwa nimekulia kwenye riwaya za kijamii. Kijana mmoja aliyeipenda mno filamu ya Frankenstein aliazima riwaya yenyewe, akairudisha kesho yake akisema amekuta barua tupu za nahodha aliyezingirwa na barafu. Mzazi mmoja naye alikuja kulalamika kwamba tunawafundisha watoto ushirikina. Nimuulize nini msomaji kabla ya kumchagulia, na ni kazi zipi ambazo ninyi mnaweza kuzisimamia kwa dhati? Za Kiswahili zitanifaa zaidi.

Msomaji wa Usiku amejibu:

Ndugu mkutubi, muulize kwanza anaitaka hofu ya namna gani. Yuko anayetaka kushtuliwa, yuko anayetaka damu, na yuko anayetaka wasiwasi unaopanda polepole hadi ashindwe kuzima taa. Huyu wa mwisho mpe The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, iliyotoka mwaka 1959. Humo mna usiku ambapo Eleanor, akiwa gizani, anaushika kwa nguvu mkono wa mwenzake aliyelala karibu naye, na taa inapowaka anamwona mwenzake yuko mbali, kitandani kwake, ndipo anapojiuliza ule ulikuwa mkono wa nani. Mwandishi hajibu, na hadi ukurasa wa mwisho hakuna zimwi linalojitokeza. Mpenda damu ukimpa kitabu hicho atakirudisha amenuna.

Kuhusu yule kijana, kitabu hakina kosa, naye hana kosa. Mary Shelley alikichapisha mwaka 1818, na filamu ya James Whale ikatoka mwaka 1931 ikiwa imebadilisha karibu kila kitu. Kiumbe aliyeigizwa na Boris Karloff hunguruma tu, ilhali yule wa riwayani amejifunza lugha kwa kuchungulia na kusikiliza familia moja maskini kupitia ufa wa ukuta, amesoma utenzi wa Milton, mshairi wa Kiingereza, na anamshtaki muumba wake kwa hoja zilizo ngumu kujibika. Msomaji akielezwa mapema kwamba zimwi hili linazungumza, na kwamba litaanza kuzungumza katikati ya kitabu, atazivumilia barua za Kapteni Walton, yule nahodha wa barafuni. Mimi naamini maelezo hayo mafupi ya dawatini ndiyo nusu ya kazi ya mkutubi.

Mwalimu wa Fasihi amejibu:

Naunga mkono, na ninaongeza Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Mwambie msomaji asome sura nne za mwanzo peke yake, ambazo ni shajara ya Jonathan Harker ndani ya ngome ya Dracula, mfu anyonyaye damu. Pale anapomwona mwenyeji wake akiteremka ukutani kichwa chini, huku joho limemtanda, atakuwa amejua kama kitabu kinamfaa au la.

Kwa Kiswahili inabidi uangalie, maana majina ya vitabu yanaweza kumpotosha mtu. Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi, vyote vya Muhammed Said Abdulla, vinasikika kama hadithi za mizimu na wachawi, lakini ni riwaya za upelelezi ambamo mpelelezi Bwana Msa hufumbua fumbo kwa akili. Ni riwaya nzuri sana, ila anayetaka mzimu wa kweli asizichukue kwa kutazama jalada. Huyo mpe Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu anarudi kumkabili mjukuu wake aliyezama katika anasa na ufisadi. Hofu yake inatokana na hesabu ambayo mjukuu anatakiwa kuitoa, na kwa maoni yangu hiyo hudumu kuliko hofu ya meno na kucha.

Yule mzazi mkaribishe mkae mzungumze. Mkumbushe kwamba ngano za mazimwi yanayomeza watu zilisimuliwa na bibi zetu ili mtoto ajifunze kutofuata asiowajua, kisha umwache achague mwenyewe kitabu cha mwanawe. Asipokubali, heshimu uamuzi wake kwa mtoto wake, lakini usikiondoe kitabu rafuni kwa ajili ya watoto wa wengine.

Mpenzi wa Filamu amejibu:

Kwa filamu za majitu, anza na Gojira (Godzilla) ya Ishiro Honda ya mwaka 1954, kwa Kijapani, wala si ile iliyohaririwa Marekani mwaka 1956. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1954, wavuvi wa Kijapani walinyeshewa majivu ya bomu la hidrojeni la Marekani lililojaribiwa katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki, na filamu inaanza kwa meli kuteketea baharini. Anayejua hilo, akilitazama jitu la filamu, haoni tena mtu aliyevaa vazi la mpira, bali hofu ya bomu lile.

Mkitaka kuonyesha filamu ukumbini, hakikisheni kwanza imeainishwa na Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya, na kwamba mna ruhusa ya mwenye haki, kwa kuwa diski iliyonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani haiwapi ruhusa hiyo.

Mkutubi wa Kaunti ameandika:

Nawashukuru sana. Nitaandika kikaratasi cha sentensi mbili tatu cha kubandika ndani ya jalada la kila kitabu, kikieleza hofu iliyomo na mahali inapoanzia. Na mtoto wa miaka kumi na miwili anayeng'ang'ania kitabu cha wakubwa?

Mwalimu wa Fasihi amejibu:

Mpe ngano za mazimwi kwanza, kisha muulize ni ipi iliyomnyima usingizi. Jibu lake litakuonyesha kama umwongezee au usubiri, na ukiwa na shaka, zungumza na mzazi wake kabla hujamwandikia kitabu kile.