Poka ya mezani bado inalipa kama kipato cha pembeni kwa mtu wa Mtwara? Tulinganishe

Kijana wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Nimeajiriwa hapa Mtwara mjini na mshahara unaisha tarehe 15. Poka naijua tangu chuo, hii ya Texas Hold'em, karata mbili mkononi na tano mezani. Sizungumzii mikeka wala mashine za kutumbukiza sarafu, naomba tuelewane. Nazungumzia meza ya ana kwa ana, unacheza na binadamu mwenzio na anayefikiri vizuri anakula.

Naona njia tatu. Kupanda basi wikiendi kwenda kasino za Dar. Kukaa kwenye meza za kienyeji huku kwetu msimu wa korosho, watu wakiwa na hela. Au kucheza mtandaoni. Ipi inalipa? Wa kuniambia "acha kamari", naomba apite kimya kimya.

Mzee wa Mikindani
Sipiti kimya kimya. Dini yangu imeiweka kamari kundi moja na pombe na sijaona aliyeitoa. Nimesema, sasa endeleeni.

Kijana wa Shangani
Shikamoo mzee. Nimekusikia.

Hesabu Kwanza
Mkuu, anza kuhesabu saa kabla ya hela. Meza ya ana kwa ana inatoa mikono, yaani migao ya karata, 25 hadi 30 kwa saa, basi. Jozi ya ree, mkono bora kabisa wa kuanzia, inakuja kwa wastani mara moja katika mikono 221, yaani unaweza kukaa saa saba au nane ukiingoja. Na ikija, ukakutana na mwenye jozi ndogo mkaweka zote kati kabla ya karata za mezani, bado atakupiga karibu mara moja kati ya tano.

Wachezaji wa meza ndogo wanapima faida kwa dau kubwa la lazima, lile ambalo mmoja wenu analiweka kabla hajapewa karata. Ukipata matano kwa saa kwa muda mrefu, wewe ni mzuri. Tuseme dau hilo ni shilingi 2,000. Matano ni 10,000 kwa saa. Wikiendi ukikaza ukacheza saa 12, ni 120,000. Sasa toa nauli ya kilomita zaidi ya 550 kwenda na hizohizo kurudi, toa gesti, toa kula. Mimi nikipiga hapo naona umefanya kazi bure, na Jumatatu unaingia ofisini macho mekundu.

Utasema upande meza kubwa. Sawa. Dau likiwa 10,000, safari inalipa. Lakini kawaida mtu anakaa na madau 100, kwa hiyo kiti chako tu ni milioni moja, na wenye nidhamu wanataka uwe na viti 20 mpaka 30 vya akiba ili bahati mbaya isikufilisi. Mwenye milioni 20 za kuweka pembeni Mtwara hii haulizi kipato cha pembeni, ananunua bajaji mbili.

Halafu kuna kato la nyumba. Kasino haikuchezeshi kwa upendo. Kila sufuria, yaani hela zote zilizowekwa kati kwenye mkono mmoja, linamegwa asilimia tano mpaka kumi, kwa kikomo fulani, na kwenye meza ndogo ndipo kikomo hicho kinauma zaidi. Hayo madau matano niliyokupa ni baada ya kato. Wengi sana mezani wangekuwa na faida ndogo kama si kato, na kwa sababu yake wana hasara.

Mlindi wa Mtanda
Hesabu Kwanza kamaliza ya Dar. Niongelee meza za kienyeji, maana huku Lindi nazijua.

Kwa ubora wa wapinzani, hakuna kama hizi. Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, mtu anakuja na bahasha, anafuata kila dau mpaka karata ya mwisho, hakunji, yaani hatupi karata zake, hata akiwa na takataka. Ukiwa na subira unakula. Tatizo linaanza baada ya kula. Nusu ya ushindi wako ni maneno: "nitakupa mnada ujao", "AMCOS (chama chetu cha ushirika) hawajalipa". Deni la karata utampeleka wapi mtu? Huwezi kwenda kituoni, kwa sababu meza yenyewe haina leseni. Michezo ya kubahatisha inaendeshwa kwa leseni ya Bodi chini ya sheria ya 2003, na nyumba inayokata kato uani bila leseni ina kosa. Polisi wakija wanabeba meza, hela na waliopo, hawaulizi nani alikuwa anacheza kisayansi.

Kingine, mji mdogo. Dar ukimla mtu hamjuani. Hapa uliyemla utamkuta sokoni, msikitini, msibani, na mkewe anamjua mkeo. Ukishinda mara kadhaa mfululizo hawakuiti tena, au wanakuita wakiwa wamepanga wawili wakupige kwa ishara. Na msimu wenyewe ni Oktoba hadi Desemba hivi. Machi hata wa kugawa karata humpati.

Dereva wa Kusini
Mtandaoni je? Huko si hakuna nauli?

Hesabu Kwanza
Hakuna nauli, lakini wanyonge wamekwisha. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, aliingia mashindano ya dunia kupitia shindano dogo la mtandaoni akatoka na dola milioni 2.5. Dunia nzima ikakimbilia huko, na miaka ile pesa zilikuwa za kuokota. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus ikawashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Leo kijana wa Ulaya anajifunza kwa programu za aina hiyo usiku kucha, kisha anakaa na wewe kwa dau la senti chache. Ana kwa ana bado kuna wafanyabiashara na watalii waliokuja kujifurahisha. Ndiyo maana nasema poka ya mezani inalipa, ila inamlipa anayeishi dakika 20 kutoka mezani.

Kijana wa Shangani
Kwa hiyo mnaniambia nikihamia Dar inakuwa sawa?

Hesabu Kwanza
Inakuwa inawezekana. Sawa ni jambo lingine. Mchezaji mzuri kabisa anaweza kucheza saa 100 akatoka na hasara, na hajakosea popote. Saa 100 kwa mtu wa wikiendi ni miezi. Utajuaje kama una bahati mbaya au hujui? Na kodi ya nyumba haingojei ujue.

Mama Banguo
Kaka zangu, mnajadili nauli ya Dar kama vile basi linaenda tupu. Mimi nabangua korosho nyumbani na wenzangu watatu. Ghafi tunanunua kihalali kwa risiti, sio kangomba, ule ununuzi wa magendo kwa wakulima, msije mkanikamata. Kila nikienda Dar napeleka boksi, nauli inarudi na kitu kinabaki. Mdogo wangu kama lazima uende kwenye hiyo meza, beba korosho. Ukiliwa, angalau basi umelipiwa.

Mlindi wa Mtanda
Mama kamaliza, funga uzi.

Mzee wa Mikindani
Korosho halali unazipeleka zikagharamie haramu. Haya.

Kijana wa Shangani
Mzee, nimecheka kwa adabu. Meza za uani nimezifuta, mtandaoni nimefuta. Dar nitaenda nikiwa na safari nyingine, na kiti kimoja tu mfukoni, nikiita starehe. Mama Banguo, boksi la kilo 10 nzima nzima, zisizovunjika, unaniuzia bei gani? Nasafiri mwisho wa mwezi.

Mama Banguo
Njoo inbox. Na pesa uje nayo mkononi, mimi sikopeshi mpaka mnada ujao.