“Gonna” na “wanna”: je, yana kanuni au kila mtu hukata maneno apendavyo?

Mwongoza wageni, Capri Point

Ndugu zangu, naomba msaada. Kazi yangu ni kuwavusha wageni kwa boti kwenda Kisiwa cha Saanane, na Kiingereza cha shuleni kimenitosha kwa barua na risiti. Juzi, tukiwa tunavaa maboya, Mmarekani mmoja aliniuliza kitu nilichokisikia kama “jiityeti”. Alikirudia mara tatu, hadi mwenzake akanieleza kwamba alikuwa akiniuliza kama nimekula: “Did you eat yet?” Jioni, nikijitahidi kuzoea usemi wao, nilimwandikia mgeni mwingine “I'm gonna the port”, naye hakunielewa. Kosa langu ni nini? Na je, nikisema hivyo nitaonekana sina adabu?

Mwalimu wa Kiingereza, Nyegezi

Kanuni ipo, kaka, tena haina msamaha. “Gonna” ni “going to” iliyomezwa, lakini humezwa pale tu inapofuatwa na kitenzi, kama katika “I'm gonna wait”. Ukitaja bandari unazungumzia mwendo wenyewe, na hapo ni lazima useme “going to the port” kwa ukamilifu. Katika “I'm gonna wait” hakuna mwendo wowote. Maneno yale yamekwisha kugeuka alama ya wakati ujao.

Kiswahili kilipita njia hiyo kabla yetu. Kiambishi “-ta-” cha “atakuja” kimetokana na kitenzi “taka”, na umbo lake la zamani bado limo katika “atakayekuja”. Vivyo hivyo “nimekwisha kula” imekuwa “nimeshakula”, na hapa Mwanza utaisikia “nshakula” kila siku bila mtu kushangaa. Kuhusu “jiityeti”, sauti ya “d” ikikutana na “y” huzaa “j”, kisha irabu ya “you” hufifia kabisa. Basi zoeza sikio kwanza. Ulimi utafuata wenyewe.

Karani wa mauzo ya samaki, Kirumba

Namuunga mkono Mwalimu, ila kuhusu adabu nina la kuongeza, kwa kuwa nazungumza na wanunuzi wa minofu ya sangara kwa simu karibu kila siku. Katika mazungumzo “gonna” haimvunjii mtu heshima, na “don't” au “I'll” hukubalika hata katika barua pepe za kawaida. “Ain't” ni jambo jingine: ni neno la kale, lakini Waingereza na Wamarekani wengi humhukumu mgeni anayelitumia, kwa hiyo ulielewe na uliache. Hatari kubwa ni kuandika kwa kufuata sikio. Kijana mmoja ofisini kwetu alimwandikia mnunuzi “we should of told you”, kwa sababu “should've”, yaani “should have”, husikika hivyo. Mnunuzi hakusema neno, lakini mimi niliumia, maana kijana yule ni hodari na barua ile ilimpunguzia hadhi.

Mwongoza wageni, Capri Point

Nashukuru sana, Mwalimu, nawe dada wa Kirumba. Limebaki moja: najua “wanna” ni “want to” iliyomezwa, lakini leo nimeulizwa “Wanna coffee?”, ilhali kahawa si kitenzi. Mbona kanuni imevunjika?

Mwalimu wa Kiingereza, Nyegezi

Haikuvunjika. Hiyo ni “want a”, wala si “want to”; maneno mawili tofauti yamemezwa yakatoa sauti moja. Kinachofuata ndicho kitakachokuambia umesikia lipi.