Eti habu yangu ya gia mbili ni "chuma chakavu"! Leo nasema

PedaliNyuma:
Wakuu, damu inanichemka na sijali nani atanuna. Simtaji jina, hakuna haja, nyote mnamjua: yule anayejibu picha kabla haijamaliza kufunguka, yule ambaye kwake kila baiskeli ya zamani ni "ya kabla ya vita" au ni takataka, katikati hapana.

Nimeweka picha ya gurudumu la nyuma. Mwanga upo, habu (kitovu cha gurudumu chenye gia ndani) nimeifuta grisi yote, jina Torpedo Duomatic linasomeka hata na mwenye miwani iliyopasuka. Nimeuliza kitu kimoja tu: nisaidieni kukisia mwaka. Anakuja mtu mzima na akili zake anaandika: "Hakuna waya wa gia, hakuna kijimnyororo kwenye ekseli. Gia moja hiyo, tena imekufa. Chuma chakavu."

Chuma chakavu!

Haina waya kwa sababu HAIHITAJI waya! Unarudisha pedali nyuma kidogo, unakanyaga mbele, tayari uko gia nyingine. Rudisha tena, umerudi ulikotoka. Ukirudisha kwa nguvu zaidi, breki inashika humo humo ndani ya habu. Gia ya chini gurudumu linakwenda sawasawa na sproketi (lile duara la meno linaloshika mnyororo), ya juu linazunguka asilimia 36 zaidi. Wajerumani wa Fichtel & Sachs kule Schweinfurt walikaa miaka ya 1960 wakaupanga mtambo wote huo ndani ya ganda linaloenea kiganjani. Halafu mtu aliyelala vibaya anauita chuma chakavu, na emoji ya kucheka juu yake. EMOJI YA KUCHEKA.

Na si mimi tu. Juzi kuna mgeni aliuliza kuhusu habu yake ya Kiingereza, Sturmey-Archer, imegongwa AW, halafu 58, halafu 3. Mjuaji wenu huyo huyo akamjibu kwamba ni ya 1902 "kwa sababu kampuni ilianza 1902". Jamani! AW ni modeli, imeanza kutengenezwa 1936. Hiyo 58 ni mwaka na hiyo 3 ni mwezi: Machi 1958. Imeandikwa kwenye chuma, mtoto wa chekechea angeisoma. Mgeni akaondoka anaamini amerithi baiskeli ya enzi za babu wa babu yake.

Lakini hilo nilimsamehe. Chuma chakavu simsamehi mpaka naingia kaburini.

SpokiArobaini:
Pole sana mkuu 😂😂 Huyo huyo aliniambia habu yangu ya Bendix "imechorwa na watoto" kwa sababu ya ile mistari myekundu kwenye ganda. Mistari ni ya kiwandani! Kuna ya mistari myekundu, ya njano na ya buluu, na ni matoleo tofauti. Mimi nilikuwa nishashika msasa niifute. Nilinusurika kwa sababu umeme ulikatika.

Mtu_wa_Grisi:
Mkuu PedaliNyuma umeandika hotuba nzima, picha hujaiweka tena, na mwaka bado hatuujui. Umekuja kutafuta mwaka au kufanya matanga?

PedaliNyuma:
Mtu_wa_Grisi, ungeitwa wewe chakavu ungeandika kitabu. Chuma. Chakavu. Isome polepole uone inavyochoma.

FremuKwanza:
Tumlaani mjuaji, sawa, anastahili. Lakini mimi kero yangu ni nyinyi watu wa habu. Kila siku "habu yangu ya 1958, kwa hiyo baiskeli ya 1958". Nani kasema? Gurudumu la nyuma ndilo linaloharibika kuliko yote, linabadilishwa kama soksi. Mwaka wa habu unakwambia habu ilitoka kiwandani lini, basi. Ikakaa stoo, ikafungwa kwenye fremu baadaye, au ikahamishiwa fremu nyingine kabisa miaka ishirini mbele. Pindueni baiskeli msome namba ya fremu! Schwinn, zile baiskeli za Kimarekani, za kuanzia 1965 zina herufi mbili mwanzoni: ya kwanza mwezi, ya pili mwaka. A ya pili ni 1965, B ni 1966, mnaendelea hivyo. Ukiona AD umeshamaliza kazi, Januari 1968, bila kubembeleza mtu humu. Na hata hapo namba iligongwa kwenye fremu tupu, baiskeli nzima ikaunganishwa baadaye.

PedaliNyuma:
Yangu si Schwinn. Na habu ni ile ile iliyokuja na baiskeli, spoki zote zina kutu ya umri mmoja, chuchu za spoki hazijawahi kuguswa na spana. Ningeyaeleza hayo yote kama ningeulizwa. Sikuulizwa. Niliambiwa nina chuma chakavu.

Rimu_Kutu:
Nyote mnalia kwa mambo madogo. Mnajua kinachoniliza mimi? Wanaopaka rangi! Mtu anapata baiskeli ina kibandiko cha kiwanda, ina mistari ya dhahabu kwenye fremu, ina namba safi chini ya ekseli ya pedali, anaipeleka ikapigwe mchanga mpaka chuma kinabaki uchi, anapaka nyekundu ya gari la zimamoto, halafu anakuja hapa: "Wakuu ni ya mwaka gani?" Ni ya juzi, mkuu! Umeizaa juzi! Ushahidi wote umeufagia mwenyewe. Na wengine wanapiga grainda kwenye ganda la habu ili "ing'ae". Grainda! Juu ya tarehe!

SpokiArobaini:
Wa grainda wafungiwe.

Mtu_wa_Grisi:
Wafungiwe pamoja na wauzaji wanaoandika "nadra sana" kwenye kila kitu. Na wanaosema "automatiki". Bendix Automatic unabadilisha kwa kurudisha pedali. Torpedo Automatic ya Sachs inajibadilisha yenyewe ukishafika mwendo fulani. Vitu viwili tofauti kabisa, muuzaji anavichanganya, mnunuzi anarudisha pedali anasubiri gia, haji mtu.

FremuKwanza:
Jina nalo linasaidia kupata umri, hamlitumii. Ukikuta SRAM kwenye ganda, ujue ni baada ya 1997, kampuni ya SRAM ilipoinunua Sachs ya baiskeli. Sturmey-Archer iliyoandikwa England si ya juzi, maana kampuni ya SunRace ya Taiwan iliichukua 2000 na utengenezaji ukahamia huko. Mtu anakuletea ya Taiwan anakwambia ya babu.

PedaliNyuma:
Jamani mada! CHUMA CHAKAVU!

SpokiArobaini:
Na spoki je? Hesabuni spoki! Waingereza walikuwa wanaweka 32 mbele na 40 nyuma. Ukikuta roadsta (baiskeli nzito ya kazi) ya Kiingereza ya kabla ya vita ina 36 kwa 36, muulize muuzaji magurudumu kayatoa wapi.

FremuKwanza:
Zipo zilizotoka na 36 baada ya vita, usipotoshe watu.

SpokiArobaini:
Nimesema KABLA ya vita. Soma kwanza.

Rimu_Kutu:
Wakati mnagombana, mimi nina ganda lina kutu nzito na naona kama kuna namba chini yake. Naanzaje bila kuiua?

PedaliNyuma:
Rimu_Kutu usiguse msasa!! Chukua karatasi ya alumini, ikunje, chovya kwenye maji, sugua polepole kwa mizunguko midogo. Kutu inatoka kama tope jeusi, kromu inabaki. Ukikaribia namba acha alumini, tumia brashi laini ya shaba na mafuta mepesi, uache yalowe usiku kucha. Ikikauka pakaza chaki juu ya maandishi, futa kwa kidole, chaki itabaki ndani ya herufi. Piga picha taa ikiwa upande, siyo juu.

Mtu_wa_Grisi:
Maji? Kwenye kutu? Weka mafuta tangu mwanzo.

PedaliNyuma:
Maji, na ukaushe hapo hapo. Nani amekudanganya mafuta?

Rimu_Kutu:
Namba imeanza kutokea. Naona 5, ya pili ni 1 au 7.

FremuKwanza:
Weka picha.