Mdogo wangu wa Mwanjelwa anataka kusomea maleba. Tuuze shamba?

Kaka wa Kiwira, Reading

Mugonile wote,

Nina jambo la nyumbani, nalileta humu kundini kabla halijanigombanisha na mama. Mdogo wetu wa mwisho, binti wa miaka 24, ni fundi cherehani pale Mwanjelwa, Mbeya. Sare za kwaya tatu za Moravian zimepita mikononi mwake, na Pasaka ikikaribia hapati usingizi. Sasa kaona kwenye simu ile michezo ya kuigiza ya nyimbo inayochezwa London, kakata shauri atakuwa mbunifu wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Barua ya chuo kimoja cha huku Uingereza ameshapata. Mzee yuko tayari kuuza ekari mbili za parachichi, zile zilizoanza kuzaa mwaka jana tu. Mama hataki hata kusikia. Anasema mtoto kashona tangu darasa la tano, anakwenda kusomea nini tena?

Mimi ni dereva wa lori. Ukumbi wa tamthilia nimeingia mara moja, nikalala. Naomba mnisaidie: kazi hiyo ipo kweli? Nani anamlipa mtu? Na akimaliza chuo anabaki au anarudi?

Mjomba wa Tukuyu, Minnesota

Kabla ya yote, hizo ekari mbili bei gani? Natania. Au sitanii sana. Msubirini dada wa Mafinga atoke kazini, yeye ndiye anayeshinda na hizo nguo.

Dada wa Mafinga, London

Kamwene kaka. Nimetoka sasa hivi, saa tano usiku, mikono inanuka sabuni. Nina miaka tisa kwenye idara ya mavazi ya tamthilia za nyimbo. Si mbunifu, niliingia kama mvalishaji, leo ni msaidizi wa mkuu wa idara. Kwa hiyo nitasema ya chini, ya juu nimeyaona tu nikiwa nimeshika pini.

Mama yenu kauliza swali zuri kuwashinda nyote. Mbunifu wa maleba hashoni. Anasoma tamthilia, anasikiliza nyimbo, anakaa na mwongozaji na mtu wa taa, anachora, anachagua kitambaa, anasimama pembeni wakati wa kujaribisha akisema "punguza hapa, shusha pale". Wa kushona ni wengine: mkataji, washonaji, mtu wa kutia rangi, mtu wa kofia, mtu wa wigi. Kuna hadi mtu ambaye kazi yake ni kuchakaza. Nguo mpya anaikwangua kwa msasa na kile kikwangulio cha jibini, anaipaka rangi ya matope, hadi ifanane na ya mtu aliyelala porini wiki mbili. Nilipomweleza bibi yangu aliguna tu. Kwao nguo ikichakaa unaficha, huku kuna mtu analipwa ili ichakae.

Onyesho likishafunguliwa mbunifu anakwenda zake kwenye kazi nyingine. Tunaobaki ni sisi, maonyesho manane kwa wiki. Tunafua, tunapiga pasi, tunashonea vifungo, tunapulizia vodka makwapani. Ndiyo, vodka ile ile, imechanganywa na maji. Inaua harufu kwenye nguo isiyoweza kufuliwa kila siku. Mara ya kwanza kutumwa kuinunua nilidhani wananitania mshamba wa Mufindi.

Niwape picha moja ili mjue nguo za jukwaani si za harusi. Mwigizaji anatoka jukwaani akiwa mfagiaji, anatakiwa arudi akiwa malkia baada ya sekunde 40. Huku pembeni ni giza, nina kurunzi ndogo ya bluu mdomoni. Gauni nimeshalitandika chini kama duara, anaingia katikati, nalivuta juu, mwenzangu anambadilisha viatu. Vifungo unavyoviona mbele ni pambo tu, nyuma yake kuna vishikizo vya kubonyeza. Velkro tunaiogopa kwa sababu inalia, na mwigizaji ana maikrofoni. Mwaka wangu wa kwanza zipu iligoma katikati ya mgongo. Nilivuta, ikala bitana. Nikazikumbuka zile pini za kwenye aproni, nikazipiga tano, nikamfunika mtandio wa onyesho lililopita, akaenda. Aliimba dakika nne bila kugeuka. Watu walipiga makofi, mimi nilikuwa nimekaa sakafuni natetemeka. Kesho yake mkuu wangu hakunifokea. Aliligeuza gauni ndani nje, akanionyesha bitana ilivyokatwa karibu mno na zipu. Fundi aliyelishona alikuwa amebana kitambaa.

Na hapo ndipo ninapomwona mdogo wako. Fundi wa Mwanjelwa amefundishwa na uchumi. Kitambaa ni cha mteja, kila sentimita ina bei, kwa hiyo nafasi ya mshono, kile kitambaa cha ziada kinachobaki ndani, anaipunguza hadi mwisho na kupiga ovaloki. Jukwaani ni kinyume. Kwenye mbavu na mgongoni tunaacha inchi nzima au zaidi, kwa sababu gauni si la mtu, ni la mhusika anayeigizwa. Mwigizaji akiondoka anakuja mnene zaidi, unafumua unaongeza. Halafu kuna wale wanaosubiri kuziba pengo mtu akiumwa, nao lazima wavalishwe. Pale kwapani tunaweka kiraka cha pembe nne ili mtu ainue mkono bila gauni zima kupanda. Hayo hayahitaji miaka mitatu ya chuo. Yanahitaji mtu amwambie.

Kuhusu kama mtu mweusi anafika, ndiyo. Geoffrey Holder wa Trinidad alichukua Tony mbili, zile tuzo za tamthilia za New York, mwaka 1975 kwa onyesho moja, The Wiz: ya uongozaji na ya maleba. Paul Tazewell, Mmarekani mweusi, alipata Tony kwa tamthilia ya nyimbo ya Hamilton mwaka 2016, na mwaka 2025 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya ubunifu wa mavazi, kwa filamu ya Wicked. Kwenye Hamilton kuanzia shingoni kwenda chini ni karne ya 18, kuanzia shingoni kwenda juu ni leo, nywele za watu zikiwa zao wenyewe. Kundi zima la wachezaji kalivika rangi ya karatasi ya kale, ili anayeongezewa koti ndiye macho yamfuate. Huo ndio ubunifu, kaka. Hakuna cherehani hapo, kuna kufikiri.

Na The Lion King, kabla hamjauliza. Julie Taymor aliongoza, akabuni maleba, na vinyago akatengeneza pamoja na Michael Curry. Ilifunguliwa Broadway, New York, Novemba 1997, London mwaka 1999, hadi leo ipo. Sura ya mwigizaji huioni imefunikwa, kinyago kinakaa juu ya kichwa na mtu unamwona chini yake. Mimi nilikwenda kama mtazamaji na nilicheka pasipo pa kucheka, maana Simba ni jina la mbwa wa jirani yetu Mafinga na alikuwa mwizi wa kuku.

Sasa fedha na vibali, maana hapo ndipo shamba linapoweza kuliwa.

Mbunifu hana mwajiri. Anapewa mkataba kwa kila onyesho, na onyesho likidumu anaweza kupata malipo madogo ya kila wiki kwa ubunifu wake. Yakidumu. Mengi hayadumu. Sasa soma kibali cha mwanafunzi wa Uingereza: wakati wa muhula kazi isizidi saa 20 kwa wiki, na hairuhusiwi kabisa kujiajiri. Yaani kazi yenyewe ya ubunifu, ile ya mikataba midogomidogo inayomfanya mtu ajulikane, haruhusiwi kuifanya. Nimemwona binti mmoja, sitamtaja wala chuo chake, aliyefanya kazi ya kulipwa kwa ankara bila kujua. Ilimgharimu.

Akihitimu anaweza kuomba kibali cha wahitimu, ambacho kinaruhusu kujiajiri. Ni miaka miwili. Kwa wanaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18. Muda huo ukiisha, kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi kinataka mwajiri mwenye leseni na, tangu Julai 2025, mshahara ambao kwa kawaida hauanzi chini ya pauni 41,700. Wavalishaji hatufiki huko. Mimi nipo kwa sababu ya ndoa, nisijifanye shujaa. Njia nyingine ni kibali cha vipaji, ambacho kwa tamthilia kinapita kwa Arts Council England, baraza la sanaa la huku. Ila wanataka kazi zilizokwisha kuonekana, wala hawaangalii ndoto.

Kwa hiyo jibu langu: parachichi zisiuzwe mwaka huu.

Mjomba wa Tukuyu, Minnesota

Dada umemaliza. Niongeze ya huku. New York wabunifu wako kwenye chama cha wafanyakazi cha United Scenic Artists, Local 829, na wavalishaji kwenye chama chao, Local 764, na kuingia si kujaza fomu tu. Mwanafunzi mwenye visa ya masomo, F-1, akihitimu anapata miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na alichosoma. Ada sitaki hata kuiandika, nina presha.

Na asisahau, kwa kibali cha Uingereza kinachozidi miezi sita Mtanzania anapimwa kifua kikuu, na kupimwa ni Dar. Kutoka Mbeya ni kilomita zaidi ya 800, kwa basi unafika umekunjika. Cheti kinadumu miezi sita tu, kwa hiyo asikimbilie kupima kabla mambo mengine hayajakaa sawa. Mpwa wangu alipima mapema, akarudia.

Kaka wa Kiwira, Reading

Ndaga fijo dada, na wewe mjomba. Nimemsomea simuni. Kwanza alinuna. Alidhani nimetafuta watu wa kumkatisha tamaa. Ile habari ya inchi nzima ndiyo iliyomwamsha, akaniuliza mara tatu "na ule upande wa ndani wanaufungaje?" Mama yeye alifurahia vodka tu, anataka kujua kama inafaa kwa makoti ya mitumba.

Sasa afanye nini kama haji mwaka huu? Na akikaa, si atabaki kushona sare hadi azeeke?

Dada wa Mafinga, London

Mwambie mama inafaa, ila asiambie wazee wa kanisa.

Kuhusu mdogo wako. Kwanza kuna nyumbani. Bagamoyo kuna TaSUBa, ile taasisi ya sanaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Idara ya Sanaa Bunifu. Kote huko watu wanapanda jukwaani na kote huko hawana wa kuwavalisha vizuri. Aombe kushona onyesho moja tu, hata bure mara ya kwanza, mara ya pili alipwe. Asisubiri mtu wa London amwite mbunifu.

Pili, kwaya zake ni jukwaa. Sina utani hapa. Watu 40 wa maumbo tofauti, wanaingia kwa mwendo mmoja, wanainua mikono pamoja, wanaonekana kutoka benchi la nyuma kabisa. Hilo ndilo tatizo letu la kila siku. Ajaribu kitu: sare moja, rangi mbili, ili sauti ya kwanza na ya nne zijulikane hata kabla hawajafungua midomo. Achore kwanza, abandike kipande cha kitambaa pembeni, aandike kwa nini. Picha ya mchoro, picha ya kujaribisha, picha ya siku yenyewe. Daftari la namna hiyo lina uzito kushinda michoro 30 ya magauni ambayo hakuna aliyeyavaa.

Tatu, apige picha nguo zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Watu wote wananitumia mbele. Mimi na mkuu wangu tunaangalia ndani.

Na anipimie sare yoyote ya Pasaka aliyo nayo hapo, nafasi ya mshono ubavuni, kwa futi ya kupimia, asikisie.

Kaka wa Kiwira, Reading

Amepima. Nusu sentimita. Anasema kitambaa kilitoka Tunduma, kilikuwa hakitoshi, na waimbaji walikuwa 42.

Dada wa Mafinga, London

Haya. Akate nyingine moja, ya mwimbaji mnene kuliko wote, na bitana. Nasubiri picha Jumapili.