Mjadala: Windows 10 imeachwa. Mashine za steshenari na maabara za shule Arusha na Moshi tuzipeleke wapi?

FundiNgarenaro (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi. Naleta hoja mezani maana huku mtaani kila mtu ana jibu lake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa apdeti za usalama za kawaida kwa Windows 10. Mashine nyingi tunazozihudumia, kuanzia Stendi Ndogo mpaka Kilombero na kwenye maabara za shule, ni laptop za mtumba: EliteBook 840 G1 hadi G3, ThinkPad T440 na T450, Latitude za rika hilo. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Kujua kizazi ni rahisi, soma namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha 6, imegonga mwamba. i5-8250U ni cha 8, inapita. Kwa EliteBook 840 za Intel maana yake ni kuanzia G5.

Hoja yangu: steshenari na maabara ziwekewe Linux Mint, mfumo endeshi wa bure wa kuweka badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce. Mtumiaji wa kawaida hana shida na mfumo endeshi. Anataka mashine iwake upesi, ifungue faili la mteja, iprinti, isimmalizie bando na isife kwa virusi vya flashi. Mint 22 inapata apdeti mpaka 2029, RAM ya GB 4 inaitosha, na haishushi apdeti mpaka uikubalie. Anayepinga aje na sababu, siyo mazoea.

Mama Kopi, Moshi

Fundi, kwenye "iprinti" umepita mbio. Printa gani? Steshenari inakula kwa printa, hailishwi na mfumo endeshi.

Epson za matangi kama L3110 Mint inazitambua, hilo nakubali. Lakini pedi ya wino taka ikifika kikomo, taa zinapepesa na printa inagoma kabisa. Programu za kurudisha sifuri kaunta inayohesabu wino huo taka zinatembea kwenye Windows. Tukifuta Windows zote dukani, printa itabebwa mpaka kwa fundi, yaani kwako. Naona ujanja wako.

Canon LBP2900, hizi leza ndogo ambazo hazifi, draiva yake ya Linux (programu ya kuiunganisha na kompyuta) iliachwa zamani. Ukifanikiwa kuiweka leo, apdeti ya kesho inaiangusha. HP P1102 inahitaji plagini ya HP (kijiprogramu cha ziada), bila hiyo inaonekana imeungwa vizuri na karatasi haitoki. Mteja yuko dirishani na barua ya kazi mkononi, ndiyo nimweleze habari za plagini?

Halafu kadi. Za michango ya harusi, send-off, kipaimara, ratiba za ibada ya mazishi. Faili za zamani za kazi hizo nyingi ni za Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. LibreOffice Draw, mojawapo ya programu za ofisi za bure zinazokuja na Mint, inazifungua, sawa, ila masanduku ya maandishi yanahama na jina la bibi harusi linaangukia kwenye ua.

FundiNgarenaro

Mama yangu, LBP2900 sibishani nawe. Iache ilipo, na Windows yake.

P1102 inatibika. Fungua teminali, andika `hp-plugin`, kubali leseni, kisha `hp-setup`. Ila fanya ukiwa na intaneti na duka limefungwa, usisubiri foleni ndipo uanze. Kusafisha hedi ya L3110 hakuhitaji kompyuta kabisa: shikilia kitufe cha kusimamisha kazi kwa sekunde 5 mpaka taa ya pawa ianze kupepesa. La pedi ni kweli, kwa hiyo bakiza mashine moja ya Windows isiyounganishwa mtandaoni. Moja, siyo zote sita.

Kuhusu Publisher, Microsoft wenyewe wametangaza kuiacha Oktoba 2026. Kwa hiyo msalaba huo utaubeba hata ukibaki Windows. Geuza faili zako sasa ukiwa bado nayo: hifadhi PDF kwa ajili ya kuchapa, na nakala ya Word kwa ajili ya kubadilisha majina na tarehe.

Mhasibu Njiro

Naona hapa watu wanatishana. Windows 10 haijazimika. Kilichokoma ni apdeti za kawaida, na bado kuna nyongeza. Kwa mashine binafsi Microsoft walitangaza mpango wa ziada mpaka 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali kusawazisha mipangilio yako kupitia akaunti ya Microsoft. Sharti mashine iwe toleo la 22H2. Bonyeza Windows na R, andika `winver`, utaliona. Ingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, fungua ukurasa wa Windows Update, kiungo cha kujiandikisha kipo pale. Ofisi zenye mashine zilizofungwa kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa pamoja) hazimo humo. Zina mpango wao wa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inapanda mara mbili kila mwaka unaofuata. Hapo bora ununue mashine nyingine.

Lakini tusisahau kinachoua mashine kikweli, nacho ni kivinjari. Chrome iliziacha Windows 7 na 8.1 mwaka 2023, toleo la 109 likawa la mwisho kwao. Leo kazi za TRA, BRELA, maombi ya mikopo ya HESLB, benki, vyote vinapita kwenye kivinjari. Kwenye Windows 10, Microsoft wamesema Edge itaendelea kupata apdeti angalau hadi Oktoba 2028, na vivyo hivyo taarifa za virusi za Defender. Kwa hiyo mtu mwenye i5 ya kizazi cha 6 asikimbizwe.

Na kwa ofisi za wahasibu na kampuni za utalii zinazoweka vitabu kwa Tally au QuickBooks ya kwenye mashine, jibu ni fupi: msiguse. Hakuna fundi atakayekuja usiku wa kufunga mwaka kukurekebishia Tally iliyolazimishwa kutembea ndani ya Linux.

Ticha wa Majengo

Mhasibu, nakuheshimu, ila unazungumzia Windows yenye leseni. Tuseme ukweli, ngapi mtaani zina leseni? Ile programu ya "kuamsha" Windows bila leseni inakutaka uzime kwanza antivairasi, na nyingi zinaigiza uamshaji wa KMS, njia ya leseni za ofisi kubwa, ambao unadumu siku 180, kwa hiyo zinaacha kazi ya siri inayojirudia chinichini ili kuhuisha. Umempa mgeni funguo za nyumba na umemwambia mbwa akalale. Kwenye mashine inayopokea vyeti na namba za NIDA za watu, hilo ndilo tatizo la kwanza, kabla ya tarehe yoyote ya Microsoft. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na folda ya vilivyoshushwa kwenye kompyuta za steshenari ingemtia mtu jasho.

Mint ina kitu kizuri hapa: kikao cha mgeni. Kimezimwa kwa kawaida, unakiwasha kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, sehemu ya watumiaji. Mteja anaingia bila nywila, anafungua WhatsApp Web, anaprinti, na akitoka kila alichoshusha kinafutika pamoja na kikao chake cha WhatsApp. Onyo: na kazi ya mwanafunzi aliyehifadhi kwenye eneo la kazi inafutika vilevile. Maabara isitumie kikao hicho kwa somo la vipindi viwili.

Kwa shule nina msimamo wa katikati, na FundiNgarenaro asinifurahie mapema. Maabara iende Mint. SUM, AVERAGE, IF, VLOOKUP ziko kwenye LibreOffice Calc kwa majina hayohayo, mtoto hapotezi kitu. Ofisi ya taaluma ibaki na Windows, maana jedwali la matokeo lililojengwa kwa makro za Excel (amri zinazojiendesha) haliaminiki ndani ya Calc. Wakati mwingine kitufe hakifanyi kitu. Wakati mwingine kinafanya nusu, na hiyo nusu ndiyo mbaya, kwa sababu nafasi za wanafunzi zinatoka na zinaonekana sahihi.

Pia mnasahau diski. Mashine nyingi zinazoitwa "nzito" zina diski ya kuzunguka yenye umri wa miaka kumi. Kabla ya kubishania mfumo, angalia afya yake kwa CrystalDiskInfo, au programu ya diski iliyomo ndani ya Mint. Tazama mstari wa 05 (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na wa C5. C5 ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu diski inashindwa kuzisoma, nakili data leo. Weka SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 inatosha. Windows 10 hiyohiyo mnayoilaani itawaka kwa sekunde badala ya dakika.

Kijana wa Sakina

Na ChromeOS Flex, mfumo endeshi wa Google, je? Ni bure, na RAM GB 4 inaitosha.

Mangi Mdogo

Inataka akaunti ya Google, haina Play Store, inajiapdeti yenyewe, na kwa printa za Mama Kopi ndiyo kabisa. Kwenye ofisi yenye faiba sawa. Kwenye bando la simu, hapana.

Na kuhusu bando, Fundi umepaka Mint rangi nzuri kupita kiasi. Haijishushii, kweli, lakini apdeti zinalimbikizana. Ukiiacha miezi mitatu unakuta mamia ya MB yanakusubiri, kerneli (kiini cha mfumo), Firefox na LibreOffice vikiwemo. Windows nayo inafungika ukijua pa kushika: kwenye mali za Wi-Fi unayotumia, washa alama ya mtandao wa kupimiwa (metered connection). Watu wanakosea hapa kwa sababu alama hiyo inakaa kwa kila mtandao peke yake. Ukihamia hotspoti ya simu nyingine, iwashe tena. Kisha zima usambazaji wa apdeti kwa kompyuta nyingine, usije ukawagawia watu wa mbali bando lako.

Kwa maabara ya mashine 20 za Mint, weka `apt-cacher-ng` (programu ya kutunza apdeti zilizoshushwa) kwenye mashine moja, nyingine zielekeze kwake kwenye mlango wa 3142. Vifurushi vingi vitashushwa mara moja tu badala ya mara ishirini. Bila hilo, shule itarudi Windows ndani ya muhula mmoja.

Mama Kopi, Moshi

Sawa, la mgeni limenigusa. Sasa niambieni habari ya CV. Mteja kaandika kwa Word, kurasa mbili kamili. Kwenye LibreOffice zinakuwa tatu, na ya tatu ina mstari mmoja wa wadhamini. Nani analipia karatasi?

FundiNgarenaro

Ni fonti hiyo, Mama. Faili linataja Calibri, mashine haina, inaweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Weka Carlito kwa ajili ya Calibri na Caladea kwa ajili ya Cambria. Upana wa herufi zake unalingana, mistari inakatika palepale. Arial na Times New Roman zina mbadala wake tayari, Liberation. Tatizo lililobaki ni Aptos, fonti mpya ya Word, lakini hata Word 2010 ya jirani yako haina. Mzoeze mteja atume PDF kutoka kwenye simu. Fonti zinasafiri ndani yake.

Picha za pasipoti zinafanyika kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Tengeneza kiolezo kimoja cha karatasi ya sentimita 10 kwa 15, picha za milimita 35 kwa 45 zinakaa nane, nne kwa mistari miwili.

Flashi zenye virusi vya shotikati, mteja akidhani faili zimefutika: kwenye Mint zinaonekana tu, maana mara nyingi zimefichwa na alama ambayo Linux haiijali. Kwenye Windows ni `attrib -h -r -s /s /d F:\*.*`, badala ya F weka herufi ya flashi, kisha futa shotikati.

Mhasibu Njiro

Anayetaka mifumo miwili kwenye diski moja ajue mawili. Zima kuwasha kwa haraka kwa Windows, `powercfg /h off`, la sivyo Mint itakataa kuandika kwenye sehemu ya Windows. Na saa itakosea kwa saa tatu kila ukihama, kwa sababu Linux inahesabu saa ya ndani kuwa ya UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko mbele yake kwa tatu. `timedatectl set-local-rtc 1` inamaliza ugomvi. Ikiwa tarehe inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, hapo ni betri ndogo ya saa ya ndani, CR2032, na tovuti zote zitadai muunganisho si salama mpaka uibadilishe. Watu wameformati mashine nzima kwa ajili ya betri hiyo.

Mama Kopi, Moshi

Basi mashine mbili za wateja ziwe Mint na kikao cha mgeni. Ya Epson na ya kadi zibaki Windows 10, nje ya mtandao. Fundi, uje Jumapili jioni na hizo fonti ukiwa umezishusha kwa bando lako.